Je, wajua kwa nini bima ya umma hukubali kulipia kipimo ghali cha vinasaba?

Mzazi anayefika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza kwa rufaa kutoka Ukerewe au Sengerema, akiwa na mtoto mchanga mwenye degedege lisilotulizwa na dawa za kawaida, huona vipimo vikifuatana bila jibu huku gharama za wodi zikipanda. Pengine chanzo ni hitilafu ya kurithi katika kinasaba kiitwacho ALDH7A1, ambayo tiba yake ni vitamini B6, dawa ya bei nafuu kabisa. Lakini nani alipie kipimo cha kuitambua?

California, nchini Marekani, ilitenga dola milioni 2 mwaka 2018 ili watoto wachanga mahututi waliokuwa chini ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, wasomewe vinasaba vyao vyote kwa haraka. Kati ya watoto 178, ugonjwa ulibainika kwa 76, na 55 wakabadilishiwa matibabu. Siku za kulazwa na upasuaji vikapungua hata ikakadiriwa kwamba zimeokolewa dola milioni 2.5. Mwaka 2021 Michigan ikaanza kukilipia kipimo hicho kando ya malipo ya kulazwa, na huo naona ndio uamuzi mzito zaidi, kwa sababu hospitali inayopewa kiasi kimoja kwa matibabu yote ya mgonjwa husita kuagiza kipimo kitakachomeza fedha hizo.

Kwa Kanda ya Ziwa, hesabu hiyo inagusa kwanza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Watafiti wa Bugando na wenzao walipima upya zaidi ya sampuli 17,000 za watoto wachanga, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo cha VVU, wakakuta takribani mtoto mmoja kati ya watano amerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Mtoto huyo huonekana mzima miezi ya mwanzo, kwa kuwa himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) aliyozaliwa nayo bado inamkinga. Akitambuliwa wakati huo, huanzishiwa penisilini kabla maambukizi hayajamwahi. Kipimo cha selimundu huangalia aina ya himoglobini tu, hakihitaji kusoma vinasaba vyote, na ndiyo maana naamini kwamba Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, ingepaswa kukilipia kwa kila mtoto anayezaliwa ukanda huu, hata kabla hajaugua.