Mnavu au Mnanaha? Maswali na Majibu kwa Wanaochuma Mboga za Mwitu Pwani

Masika yakishika, viwanja na mashamba ya Kisauni, Likoni na Jomvu hapa Mombasa hujaa mboga ambazo hakuna aliyezipanda: mchunga, mnavu, mchicha wa porini, mwangani. Ni chakula kizuri na hakina bei. Lakini anayechuma mwenyewe hana mtu wa kumkagulia fungu lake, na katikati ya mboga hizo huota mimea michache isiyofaa kuingia jikoni hata jani moja.

Mmea wa kuogopwa zaidi ni upi?

Mnanaha, ambao wataalamu huuita datura. Kuna mimea mingine yenye sumu kali, kama mbarika, lakini mbarika mtu mzima haukosei. Mnanaha hukosewa kwa sababu unapenda udongo uleule unaopendwa na mchicha na mnavu: kando ya zizi, jaani, shamba lililotiwa samadi. Huota ubavuni mwa mboga, na mikono inayochuma haraka huubeba pamoja nazo.

Nitautofautisha vipi na mnavu?

Mmea ukishatoa maua, kazi ni rahisi. Ua la mnavu ni dogo, jeupe, mfano wa nyota yenye ncha tano, na katikati lina manjano. Matunda yake ni madogo kuliko njegere, yako katika vichala, na yakiiva huwa meusi au rangi ya chungwa kutegemea aina. Ua la mnanaha ni refu mfano wa tarumbeta, sentimita 6 au zaidi, jeupe au lenye zambarau. Tunda lake ni la mviringo, limejaa miiba au vinundu, na ndani mna mbegu nyingi.

Hatari iko kwenye mche mchanga ambao haujachanua. Hapo angalia mambo matatu kwa pamoja. Kwanza ukingo wa jani: la mnanaha mara nyingi lina meno makubwa yasiyolingana, la mnavu ni laini au lina mawimbi kidogo. Pili, pale jani linapokutana na kikonyo: kwenye mnanaha upande mmoja mara nyingi huanza chini kuliko wa pili. Tatu, harufu: sugua kipande cha jani, la mnanaha hutoa harufu nzito ya kuchefua. Kisha osha mikono kwa sabuni na usijiguse macho, kwa kuwa utomvu wake hupanua mboni na kukufanya uone ukungu.

Dalili moja pekee haitoshi, maana zipo aina za mnanaha ambazo majani yake hayana meno yoyote. Ndiyo maana anayeanza asichume mche ambao haujatoa ua wala tunda. Subiri wiki mbili tatu, mboga haitakimbia.

Si nikichemsha na kumwaga maji sumu itatoka?

Haitoki yote. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza uchungu wa mchunga na mnavu, na ni desturi nzuri kabla ya kuunga kwa tui. Lakini sumu za mnanaha, atropini na skopolamini, zinastahimili moto wa jikoni. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa uji wa msaada ulikuwa umechanganyika na sumu hizo. Uji ulipikwa kama kawaida, na bado watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafariki.

Hata mnavu wenyewe una mpaka wake: kula majani, na usile matunda yakiwa mabichi ya kijani.

Aliyekula mnanaha huonekanaje?

Mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa chache kinywa hukauka, uso huwa mwekundu na moto bila jasho, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, mkojo hukataa kutoka. Halafu akili huvurugika: huongea na watu wasiokuwepo, hushika vitu hewani, huwa mkali au hucheka ovyo.

Hapa tunaomba wasomaji watusikilize vizuri. Mtu wa aina hii, hasa mtoto, ni rahisi kudhaniwa amepandwa na pepo, akapelekwa kwa mganga au akafungiwa chumbani hadi atulie. Dua haikatazwi, lakini isomwe mkiwa njiani kwenda hospitali. Watu wawili au watatu waliokula sufuria moja wakianza kuweweseka siku moja, hilo ni suala la chakula.

Tufanye nini kabla ya kufika hospitali?

Msimtapishe kwa vidole wala maji ya chumvi, na msimpe maziwa. Akiwa na usingizi mzito, mlazeni ubavu ili asipaliwe na matapishi. Akiwa anahangaika, ondoeni vitu vyenye ncha na asiachwe peke yake. Pigeni 999 au 112, au mchukueni moja kwa moja hadi kituo chenye huduma ya dharura, kama Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara. Bebeni mabaki ya chakula na tawi la mmea wenyewe kwenye mfuko. Daktari akiliona, hapotezi muda kukisia. Waliokula sufuria hiyohiyo waende pia, hata kama bado hawajisikii vibaya.

Mbuzi akila na asidhurike, si salama?

Hapana. Mnyama si kipimo cha mtu: baadhi ya sungura wana kimeng'enya kinachovunja atropini, hivyo hula jani ambalo wewe lingekulaza. Jani lililotobolewa na mdudu nalo si ushahidi.

Kanuni ya kwamba kila mmea wenye utomvu mweupe ni sumu pia haisaidii: mchunga una utomvu mweupe na ni mboga, ilhali mimea mingi ya jamii ya mnyaa ina utomvu mweupe na huunguza. Ulimi nao hudanganya. Mchunga ni mchungu na ni salama, lakini mumunye ukiwa mchungu utupe wote, kwani uchungu huo ni sumu inayoharisha na kutapisha. Programu ya simu inayotambua mmea kwa picha ikupe jina la kuanzia tu, kisha umuulize mtu.

Nianze vipi kuchuma?

Anza na mboga moja. Nenda na mama au bibi anayeichuma kila msimu, akuoneshe ikiwa bado ardhini, mzizi hadi ua. Tumia mfuko mmoja kwa aina moja. Usikwangue kwa kisu mche mzima pamoja na majirani zake, maana hapo ndipo mchanganyiko huingia. Chuma tawi kwa tawi. Nyumbani, kabla ya kukatakata, mwaga mboga kwenye uteo mahali penye mwanga, upitie jani moja moja. Jani usilolitambua, litupe. Ukishakatakata, huwezi tena kutambua kitu.

Kuna mahali nisichume kabisa?

Kando ya barabara kuu, mitaro ya maji machafu, majaa, na karibu na karakana za betri. Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, iliingiwa na madini ya risasi kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mchicha hufyonza risasi hadi ndani ya jani, na kuosha hakuitoi.

Dada yangu yuko Uingereza, anasema porini kuna majani kama ya giligilani na karoti. Achume?

Mwambie aache. Jamii hiyo, yenye maua mfano wa mwavuli uliofunguliwa, ina chakula na sumu kwa sura moja. Humo ndimo ulimo hemloki, uliomuua Socrates mwaka 399 KK: hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia, na akili inabaki timamu. Shina lake halina vinyweleo, lina madoa ya zambarau na liko wazi ndani. Karoti pori ina shina lenye vinyweleo na haina madoa. Lakini tofauti hizo si za kufundishana kwa simu. Na mizizi inayofanana na karoti nyeupe, kando ya mitaro na mito, asiiguse hata kidogo.

Upo pia mmea wa jamii hiyo unaopita mita tatu, ambao utomvu wake ukipigwa na jua juu ya ngozi hutoa malengelenge. Maji ya ndimu hufanya vivyo hivyo kwa anayekamua juani. Ukimrukia, aoshe kwa sabuni na maji baridi papo hapo, afunike sehemu hiyo isipate jua kwa siku mbili, na amwone daktari malengelenge yakitokea au utomvu ukiingia jichoni.