Ung'amuzi bwete: yaliyo akilini bila sisi kuyaona

Bwana ameketi na mke wa pili, chai imekwisha miminwa, mara anamwita kwa jina la mtalaka wake. Barazani watasema ulimi hauna mfupa, watacheka, yataisha. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, hakutaka yaishe. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka wa 1901 alidai kwamba makosa ya namna hii, kuanzia jina lililoponyoka hadi ahadi iliyosahauliwa, mara nyingi yana sababu, na aliyekosea ndiye wa mwisho kuijua.

Sababu hizo aliziweka katika ung'amuzi bwete: sehemu ya akili yenye matamanio, hofu na kumbukumbu zinazotusukuma bila sisi kuzitambua. Si kila usilolifikiria sasa hivi limo humo. Jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza pengine hukuwa nalo dakika moja iliyopita, na ukiulizwa linakuja. Hilo lilikuwa limehifadhiwa tu. La ung'amuzi bwete haliji kwa kuitwa. Huonekana kwa athari zake: ndoto, ulimi kuteleza, mkono uliopooza ilhali daktari haoni jeraha. Kwa hiyo ni jambo linalokisiwa kutokana na dalili, na wengi wanaolitaja siku hizi kwenye mitandao, hasa wale wanaoahidi kwamba "akili ya ndani" itakuvutia pesa usingizini, wanazungumza kana kwamba wamelishika mkononi.

Wala si pepo. Mombasa mtu akibadilika ghafla, hakosi wa kusema amepandwa. Pepo hutoka nje, ana jina lake na madai yake, na hupungwa mpaka atoke. Freud alisema mgeni huyo ni wewe mwenyewe: ni tamanio lako ulilolikana kwa sababu linakutia haya au hofu, likasukumwa chini. Kusukuma huko ndiko kukandamiza, na ndiyo nguzo ya nadharia yake yote. Hakuwa wa kwanza kusema kwamba akili ina sehemu isiyojijua. Wanafalsafa wa Ujerumani walikuwa wameliandikia vitabu suala hilo kabla yake. Jipya lake lilikuwa kuligeuza tiba. Mwaka wa 1895 yeye na daktari mwenzake, Josef Breuer, walichapisha visa vya wagonjwa ambao dalili zao zilipungua walipoyasema yale yaliyofukiwa.

Mwaka wa 1923 aliipanga nafsi katika sehemu tatu. Chukua adhuhuri ya Ramadhani na harufu ya viazi karai inayotoka jikoni. Idi (si ile ya sikukuu) inataka sasa hivi, haijui saa wala aibu. Supaego inakataza kwa sauti ya baba na ya ustadhi wa madrasa, hata kama wote wawili hawapo. Ego iko katikati, inatafuta njia: lala kidogo, magharibi haiko mbali. Freud mwenyewe aliifananisha ego na mpanda farasi ambaye mara nyingine hulazimika kumpeleka farasi kule farasi anakotaka kwenda.

Ego ina hila zake za kujikinga, na bintiye, Anna Freud, alizieleza kwa utaratibu katika kitabu cha 1936. Msimamizi amemfokea kijana bandarini Kilindini. Kijana amenyamaza kwa kuogopa kazi. Akifika nyumbani Changamwe, anamfokea mtoto kwa kikombe kilichovunjika. Hasira imehamishwa kutoka kwa mwenye nguvu hadi kwa asiye nazo. Au mwenye wivu anayeona wivu kwa kila jirani: amewabebesha wengine mzigo wake. Kwa maoni yangu hizi hila ndizo sehemu ya Freud iliyozeeka vizuri zaidi, kwa kuwa unaweza kuzitambua bila kukubali nadharia yake yote ya ujinsia wa utotoni, yaani kwamba hata watoto wadogo wana matamanio ya kijinsia.

Alfred Adler, daktari mwenzake wa Vienna, alimwacha Freud mwaka wa 1911, akisema kinachomsukuma mtu zaidi ni kujiona duni na hamu ya kuushinda unyonge huo. Kisha akajitenga Carl Jung, daktari wa Uswisi, mwaka wa 1913, na huyu anatuhusu kidogo, maana mwaka wa 1925 alishuka melini hapa hapa Mombasa, akapanda treni ya kwenda Nairobi, na hatimaye akafika Mlima Elgon.

Jung alishikilia kwamba chini ya ung'amuzi bwete wa mtu binafsi upo mwingine, wa binadamu wote, wenye picha zinazojirudia katika ngano na ndoto za kila taifa: mama mkuu, mzee mwenye hekima, kivuli (ule upande wetu tusiotaka kuuona). Alikuja Afrika akitafuta ushahidi. Anasimulia kwamba alfajiri, akiwa ndani ya treni, alimwona juu ya mwamba mtu mweusi aliyeegemea mkuki, akahisi kama aliyemjua tangu zamani. Huko Elgon aliwauliza wazee kuhusu ndoto. Mzee mmoja akamjibu kwamba tangu Wazungu waje ndoto zimekwisha. Zamani ziliwaambia waganga habari za vita, maradhi na mvua, ila sasa Bwana DC ndiye anayejua kila kitu. Jung alilisikitikia jibu hilo. Mimi naona lina kejeli ndani yake, na si ajabu mgeni hakuisikia. Yule wa mkuki naye hakuna aliyemuuliza lolote. Hisia zote zilikuwa za abiria.

Udhaifu mkubwa wa nadharia hizi ulionyeshwa na mwanafalsafa Karl Popper: hakuna kinachoweza kuonyesha kwamba zimekosea. Ukikubali kwamba unamchukia baba yako, Freud ameshinda. Ukikataa, utaambiwa umeikandamiza chuki, na ameshinda tena. Wafuasi wa mwanasaikolojia wa Marekani John Watson, kuanzia 1913, waliamua kuachana na mambo ya ndani kabisa na kupima matendo tu.

Hata hivyo dhana haikufa. Mwaka wa 1911 daktari wa Geneva, Édouard Claparède, alieleza kisa cha mama mmoja asiyeweza kukumbuka jambo jipya. Alificha pini mkononi akamsalimia, pini ikamchoma. Baadaye mama hakukumbuka kuchomwa, lakini daktari aliponyosha mkono, aliurudisha wake, na hakuweza kueleza kwa nini. Hapo hakuna tamanio la aibu wala kilichokandamizwa. Ni ubongo kujifunza bila kumwarifu mwenyewe, na ndivyo wanasaikolojia wengi wa leo wanavyouelewa ung'amuzi bwete: kazi nyingi, siri chache.

Kuhusu haiba, yaani tabia za kudumu zinazomtofautisha mtu na mwingine, utafiti ulifuata njia nyingine. Mwaka wa 1936 wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Henry Odbert walichambua kamusi ya Kiingereza wakapata karibu maneno 18,000 ya kumweleza mtu. Wengine baadaye waliyapunguza kwa hesabu hadi sifa tano: uwazi kwa mambo mapya, uwajibikaji, uchangamfu, upole na wepesi wa wasiwasi. Hupimwa kwa kumuuliza mtu ajieleze, jambo ambalo Freud angelikataa mara moja, kwani anayejibu ndiye anayejificha. Ndiyo maana watafiti huwauliza pia marafiki. Mwaka wa 2010 mwanasaikolojia Simine Vazire alionyesha kwamba mwenyewe huujua vizuri zaidi wasiwasi wake, lakini kuhusu akili na ubunifu, rafiki zake humkadiria kwa usahihi kuliko anavyojikadiria.