Mkilua sio asumini: dhana potofu zinazotuulia miche huku Mtwara

Jamani watu wa Mtwara na Lindi, tuongee kuhusu mkilua, kile kichaka cha maua yanayonukia tunayoyaita vilua, mana mvua zikianza watu wanapeana miche, wanapanda kwa furaha, alafu ikifika Agosti kimebaki kijiti kikavu. Ukiuliza unaambiwa mti huu una mkosi, unachagua nyumba. Hauchagui nyumba, sisi ndo tunaulea kama asumini.

Dhana kubwa kabisa ni ya jua. Watu wanaamini ua lolote likikosa jua kali halichanui, kwaiyo mche unapelekwa katikati ya uwanja kwenye mchanga mweupe unaochoma. Ukweli ni kwamba mkilua ni kichaka cha msituni, kwao ni chini ya miti mikubwa kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ukitaka kuelewa hali ya msitu wa pwani nenda misitu ya Rondo au Litipo kule Lindi, ingia ndani uone kivuli kilivyo, na ardhi ilivyofunikwa na majani yaliyooza, unyevu unakaa. Sasa wewe mpe hivohivo: chini ya mwembe au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu, shimo lichanganywe na samadi iliyoiva vizuri, alafu tandaza majani makavu juu. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba Desemba mpaka Aprili Mei hivi, baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na mche mchanga hauwezi kukivuka bila kumwagiliwa. Ila kumwagilia sio kufanya bwawa, ndoo ya plastiki isiyo na matundu chini inaozesha mizizi.

Wengine wanasema mkilua uliletwa na majahazi kutoka Uarabuni. Hapana! Ni wa kwetu kabisa, na hata jina lake la kisayansi ni Mkilua fragrans, lilitolewa 1970 na mtaalamu wa mimea Verdcourt, na jenasi nzima, yaani kundi lake la karibu la mimea, ina aina hiyo moja tu. Mimi hili linanigusa sana, mana tunatunza maua ya kutoka mbali na hili letu tunaliacha lipotee na misitu inayokatwa. Na sio mlangilangi pia. Ni ndugu, wote ni familia moja na mstafeli na mtopetope, ila mlangilangi asili yake Asia na unakuwa mti mrefu kabisa.

Kuchomeka tawi nako watu wanapenda kwa sababu asumini inakubali. Mkilua mara nyingi tawi linanyauka tu, njia ya uhakika ni mbegu, na ipandwe ikiwa mbichi. Alafu usiifukue baada ya wiki mbili kuangalia! Mbegu za familia hii zinachelewa, zinaweza kukaa wiki nyingi kimya, wewe weka unyevu kivulini subiri. Na kung'oa miche porini tuache, mingi inafia njiani na msitu unabaki mtupu.

Nyoka sasa. Kuna wanawake wanaupenda mkilua lakini wanakatazwa kupanda karibu na dirisha eti harufu inaita nyoka. Nyoka hafuati harufu ya ua, anafuata panya na vyura na sehemu ya kujificha. Kwaiyo hayo majani ya kutandaza yawe tabaka jembamba, yasigusane na ukuta, na matofali, vifuu na magogo yasirundikwe hapo. Usafi ndo dawa, sio kukata mti.

Na hii ni ya kwetu wakulima wa korosho: salfa ikibaki basi mtu anapuliza mpaka kwenye maua ya nyumbani. Salfa ni dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, sio tonik ya kila mmea, kwenye joto kali inaunguza majani, na vilua mtu anaweka kwenye nywele na kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, unampulizia nani sumu hiyo?

Mti ukianza kutoa vilua msichume vyote. Bibi anamaliza mti mzima kwa ajili ya kikuba cha harusi, alafu mwakani mjukuu anauliza mbona hatupati mbegu. Acheni maua kadhaa yakae mpaka yatunge matunda.