Wananchi waulizwe kabla ya rasimu, si baada yake

Nimeisikia tena wiki hii, kwenye kikao cha sera: "Wananchi hawaelewi jenetiki, yaani elimu ya urithi, tuwaelimishe kwanza, maoni yatafuata." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nimechoka nayo.

Chukua sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapa Pwani ya Kenya. Mtoto wa SS, aliyerithi jeni S ya ugonjwa huo mara mbili, ni mgonjwa. Wa AS, mwenye S moja na A moja ya kawaida, amebeba tu. Kwa kawaida ni mzima, na malaria kali humwogopa. Hayo ni ya maabara, hakuna anayetaka yapigiwe kura. Swali la sera ni jingine: tukipima watoto wachanga, mzazi wa mtoto wa AS aambiwe? Aambiwe mama peke yake au pamoja na mumewe? Baba naye apimwe?

Hapo ndipo wataalamu tunapokimbia. Mtoto wa SS hupokea S moja kwa mama na nyingine kwa baba. Sasa baba anapimwa, karatasi inatoka AA, yaani hana S. Huenda sampuli zimebadilishana, huenda aliongezewa damu juzijuzi. Nyumbani hakuna atakayengoja kipimo cha pili. Mama ataulizwa mtoto ni wa nani, na huenda akalala nje usiku huohuo. Mimi najua uwezekano wa kurithi. Shangazi wa Ganze, huko Kilifi, anajua mama huyo atakimbilia kwa nani, nani atasuluhisha, na mtoto atabaki upande upi. Bila ujuzi wake sera ina shimo katikati.

Na watu hujibu wakiulizwa. Watafiti wa KEMRI-Wellcome, mpango wa utafiti wa afya, waliwauliza wakazi wa Kilifi namna ya kutoa majibu haya ya sikoseli, ya wabebaji yakiwemo, na suala la ubaba likazungumzwa waziwazi.

Linalonitatiza ni nani anasikika. Kwenye baraza la chifu huzungumza wazee wa kiume. Ukiwakutanisha wanawake peke yao, mkaza mwana hasemi mbele ya mama mkwe. Na mama akitaka siri, baba naye akidai haki ya kujua, kila mmoja ana hoja. Mimi huanza na atakayeumia zaidi, ingawa najua huo nao ni uamuzi wangu, si wao.

Kwa hiyo nadai haya: maswali yapelekwe kwa wananchi kabla ya rasimu ya sera, nauli zilipwe, na wizara irudi kuwaeleza watu ni maoni gani imeyakataa na kwa nini.