"Nalenga koo": dhana potofu kuhusu pigo la kulenga

"Nalenga koo." Ni mchezo wa kuigiza wahusika mezani, na mchezaji ametaja kiungo anachotaka kukipiga: hilo ndilo pigo la kulenga. Dadu ya pande 20 imetua kwenye 17, na sasa anangoja mwendesha mchezo atangaze maiti. Akiambiwa haramia amepungukiwa pointi saba tu za uhai, anahamaki: koo limekatwa, vipi mtu bado amesimama na upanga mkononi? Kila meza mpya inapoanza, Langoni kama Shela, huku Lamu, swali hili halikosi, na ndilo linalozaa sheria mbovu kuliko zote.

"Pigo la kulenga lazima liue, au angalau madhara (pointi za uhai anazopoteza aliyepigwa) yawe maradufu."

Hapana. Pointi za uhai si lita za damu. Katika Dungeons & Dragons ni mchanganyiko wa uimara wa mwili na akili, nia ya kuishi na bahati. Haramia mwenye pointi 30 akipoteza saba hajakatwa koo. Amekwepa kwa taabu, pumzi imempaa, ncha imemkwaruza shingo. Koo hukatika pointi zinapofika sifuri, na hapo mchezaji asimulie atakavyo, hata kwa beti za utenzi.

Anayetaka mwili uhesabiwe kiungo kwa kiungo ana mifumo iliyojengwa hivyo tangu mwanzo. RuneQuest ya 1978 inakipa kila kiungo pointi zake. GURPS, mfumo mwingine wa michezo hii, inamtoza anayelenga -2 kwa mkono, -5 kwa shingo, -7 kwa fuvu na -9 kwa jicho. Lakini huko mhusika hana pointi 60 za kujifichia. Kunyakua adhabu za mfumo mmoja na kuzibandika kwenye mwingine ni kulifunga hori tanga la jahazi, kisha kushangaa limebinuka.

Hapo huja jibu la "basi tutoze -5 kwenye dadu, madhara yawe mara mbili, ngoma droo". Piga hesabu. Mpiganaji ana nyongeza ya +8 ya kupiga, na upanga wake ni dadu ya pande 8 na +5, wastani 9.5. Dhidi ya mtu mwenye kinga 13 (namba ambayo dadu pamoja na nyongeza lazima ifikie) anapata kwa asilimia 80, yaani madhara 7.6 kwa kila pigo. Akilenga kichwa anapata kwa asilimia 55, lakini kwa 19: wastani 10.45. Dhidi ya kinga 20 mambo yanageuka: 4.3 bila kulenga, 3.8 akilenga. Maana yake, asiye na deraya atalengwa kichwa kila zamu, na mwenye deraya hatalengwa kamwe. Mchezaji hana tena la kuamua, jedwali limeshamwamulia.

Na haramia nao wana mikono. Maadui wanne, pigo moja kila raundi, raundi tatu, mapambano matatu kwa usiku: mapigo 36 yanaelekezwa kwa wachezaji. Kama meza imekubaliana kwamba 20 halisi (dadu yenyewe ikionyesha 20) inang'oa kiungo, uwezekano wa mhusika mmoja au zaidi kupoteza jicho au mkono kabla watu hawajaenda kulala ni asilimia 84. Haramia huonekana mara moja akafa. Mhusika wa mchezaji hurudi wiki ijayo na kilema chake. Sheria ya ukatili huwaumiza wale wale walioililia.

Kinachofaa ni kubadili bei: mchezaji atoe madhara, apate athari. Atangaze kabla ya kurusha dadu, na aseme anachotaka kitokee ("aangushe upanga"), si jina la kiungo tu. Arushe kama kawaida, bila adhabu. Akipata, madhara yawe nusu, yakishushwa kwenye namba kamili, na mlengwa arushe dadu ya kujinusuru, yaani dadu ya pande 20 na nyongeza yake, ili afikie 8 + nyongeza ya ustadi + nyongeza ya nguvu au wepesi wa mpigaji. Akishindwa: mkono, anaangusha alichoshika; mguu, mwendo unapungua nusu; macho, pigo lake linalofuata anarusha dadu mbili na kuchukua ya chini. Athari iishe mwisho wa zamu yake inayofuata. Na iwe mara moja tu kwa zamu. Hili wengi hulisahau, kisha mpiganaji wa daraja la 5 mwenye mapigo mawili anamfanya adui kipofu na kilema kwa wakati mmoja, raundi baada ya raundi.

Pweza mkubwa anayekumbatia jahazi ni kesi nyingine. Kila mkono wake upewe pointi 10 zake, zisizokatwa kwenye zile za mwili. Mkono ukiisha, aliyeshikwa anaachiwa. Kwa dude kama hilo tu, si kwa kila mlinzi wa lango.

"Basi badala ya -5, anayelenga arushe dadu mbili, achukue ya chini; ni sawa tu." Karibu na katikati, ndiyo: anayepata kwa asilimia 55 anashuka hadi 30 kwa njia zote mbili. Anayepata kwa 80 anashuka hadi 64 kwa dadu mbili, hadi 55 kwa -5. Tena adhabu ya dadu mbili hairundikwi. Aliye gizani, ambaye tayari anarusha dadu mbili, analenga jicho bila kulipa kitu cha ziada, na wachezaji watazima taa makusudi.

"Kila mtu akiweza kulenga bure, nani ataumia?" Ataumia aliyechagua Battle Master, aina ya mpiganaji bingwa wa mbinu za vita. Huyo hulipia kumnyang'anya adui silaha au kumwangusha kwa dadu zake maalumu, nne tu anapoanza daraja la 3, na hazirudi mpaka apumzike.

"Tutaamua papo hapo." Hata bao la barazani halichezwi hivyo. Kila baraza ina sheria zake, lakini hazigeuzwi kete zikiwa mkononi. Iandikwe kwenye karatasi na ijaribiwe mapambano matatu huku mtu akihesabu. Ikiwa kila pigo ni la kulenga, shusha madhara kutoka nusu hadi sifuri. Ikiwa hakuna aliyelenga hata mara moja, ondoa dadu ya kujinusuru kwa mguu kwanza, ubakize ile ya mkono na ya macho.