Matriksi si ile plastiki

Juzi nilipita kwenye kibanda cha fundi, jirani na stendi ya Moshi, kuazima pasi ya kulehemu. Nilikuwa na kibodi niliyoiunda kwa ajili ya kompyuta yangu ya Z80, prosesa ya mwaka 1976. Ukibonyeza A mara moja inaandika "aaa". Fundi akatikisa kichwa: "Matriksi imekufa hiyo, mzee." Akaigeuza kutafuta ile karatasi ya plastiki yenye njia za umeme, ambayo yeye ndiyo huiita matriksi. Haipo. Yangu ni shaba na nyaya tupu. "Sasa matriksi iko wapi?"

Matriksi ni mpangilio. Nyaya za kulala zinapishana na nyaya za kusimama, na kila zinapopishana pana kitufe. Vitufe 40 vilivyopangwa 8 kwa 5, kama kwenye kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum ya 1982, vinatosheka na nyaya 13. Basi. Plastiki ikichanika, kilichochanika ni plastiki.

Neno lenyewe ni la Kilatini, lina asili moja na "mater", mama, na lilitumika kwa maana ya tumbo la uzazi. Mwaka 1850 Mwingereza James Joseph Sylvester akaliita jedwali la namba kwa neno hilo, kwa kuwa humo huzaliwa hesabu nyingine. Waliofika kidato cha nne walikutana nalo ubaoni, namba zimefungwa kwenye mabano. Hakuna aliyeliona likiwa plastiki.

Kosa la pili linaniudhi zaidi: kila tatizo la kibodi kuitwa herufi hewa. Kompyuta husoma vitufe kama nyapara wa shamba la miwa, mstari kwa mstari. Inashusha waya mmoja wa kulala hadi volti 0, kisha inatazama ni upi kati ya zile za kusimama, zilizoshikiliwa kwenye volti ya juu na rezista (kipande kinachobana umeme), umeshuka nao. Sasa bonyeza Q, W na A kwa pamoja. Q na W ziko mstari mmoja, A na S mstari mwingine; Q na A zina waya mmoja wa kusimama, W na S mwingine. Zamu ya mstari wa A ikifika, ile sifuri inapita A, inapanda Q, inahamia W na kutokea kwenye waya wa S. S inaandikwa na hakuna aliyeigusa. Hiyo ndiyo herufi hewa, ndugu wa damu wa mfanyakazi hewa: kwenye orodha yupo, shambani hayupo. Dawa yake ni daiodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila kitufe. Mimi natumia aina ya 1N4148.

"Aaa" ni jambo jingine kabisa. Vyuma vya kitufe vikigongana hudunda kwa milisekunde chache, na kompyuta huhesabu kila mdundo. Hapo hata ukilehemu daiodi gunia zima hupati kitu. Programu ingoje milisekunde 10 au 20, isome tena.

Kwa hiyo fundi wangu, matriksi ni nzima. Kitufe ndicho kinachodunda, na programu isiyojua kungoja niliiandika mimi.