Je, wajua: kwa nini jiji moja liwe na polisi wa majini, wa nyuki na wa maneno?

Oktoba 2003, askari mmoja wa New York alishuka kwa kamba ukutani mwa jengo la ghorofa huko Harlem, akaning'inia nje ya dirisha la ghorofa ya tano na kuchungulia ndani. Humo, katika nyumba ya kawaida ya kupanga, alikuwemo chui milia wa karibu kilo 190. Mfugaji wake alikuwa amekwenda hospitali siku chache kabla akiwa na majeraha, akidai kaumwa na mbwa. Ukubwa wa meno ukamuumbua. Askari akafyatua bunduki ya sindano ya usingizi. Chui akarukia dirisha, kioo kikapasuka, kisha akarudi nyuma, akalegea, akalala. Walipoingia wakakuta na kiumbe jamii ya mamba anafugwa humohumo.

Wataalamu wa wanyama waliitwa siku hiyo, lakini aliyening'inia alikuwa polisi. Na hakuwa polisi yeyote tu aliyeokotwa barabarani. Alitoka katika kitengo cha huduma za dharura, kinachojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, ESU. Askari wa New York wana msemo wao: raia akizidiwa huita polisi, polisi akizidiwa huita ESU. Magari yao hubeba bunduki nzito, kamba za kushukia majengo, koleo za haidroliki za kupasua gari lililobondeka, vifaa vya kupandia nguzo za madaraja na vya kufungulia lifti zilizokwama. Mtu akisimama ukingoni mwa daraja la Brooklyn akitaka kujirusha, wao ndio humpandia kule juu. Treni ikimkanyaga mtu, wao ndio huingia chini yake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza: hiyo si kazi ya zimamoto? New York wanagombania, na hilo tutalifikia. Kwanza tujue kwamba polisi wa kule ni mali ya jiji. Huku kwetu jeshi la polisi ni la taifa zima. Dar es Salaam ni Kanda Maalum, lakini kamanda wake yuko chini ya Inspekta Jenerali kama makamanda wa mikoa. Gavana wa Nairobi ana askari wa kaunti wa kufukuzana na wachuuzi, ila polisi wenyewe hawapokei amri yake. Kwa hiyo kikosi cha kutuliza ghasia au cha mbwa huundwa na taifa na kutumwa kinakohitajika. Marekani mambo ni kinyume. Meya wa New York ndiye anayemteua mkuu wa polisi, na halmashauri ya jiji ndiyo inayopitisha bajeti. Jiji lenye askari zaidi ya 30,000 na pesa zake lenyewe linaweza kujinunulia boti, helikopta na farasi, na limejinunulia.

Bado hilo halijibu kwa nini kitengo hiki kipo na kile hakipo. Ukifuatilia historia ya kila kimoja utakuta mahali askari wa kawaida aliposhindwa, tena hadharani, mara nyingi mbele ya wenye mali au mbele ya waandishi wa habari.

London ndiyo inayoonyesha hili vizuri kuliko miji yote, maana huko kitengo kilitangulia polisi wenyewe. Mwaka 1798 wafanyabiashara waliokuwa wakiingiza sukari na ramu kutoka visiwa vya Karibi walichoka kuibiwa shehena ndani ya mto Thames. Wakachangia pesa, kikaanzishwa kikosi cha polisi wa mtoni pale Wapping. Polisi wa jiji, wale walioanzishwa na waziri Robert Peel, walikuja mwaka 1829, na wale wa mtoni wakaunganishwa nao mwaka 1839. Mtaa wa maskini uliendelea kuibiwa miaka yote hiyo bila kikosi. Sukari ilikuwa na mlinzi.

New York wakafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1858 waliweka askari kwenye mitumbwi ya makasia kuwakabili wezi waliokuwa wakipanda meli za biashara zilizotia nanga bandarini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kikaja kitengo cha anga, kwa sababu marubani wa kujifurahisha walikuwa wakirusha ndege chini chini juu ya paa za watu na hakuna askari wa miguu anayeweza kumsimamisha rubani. Sababu za mwanzo zimekwisha zamani, vitengo vimebaki na kupata kazi nyingine. Januari 2009, ndege ya abiria ilipotua juu ya maji ya mto Hudson, wazamiaji wa polisi waliruka kutoka kwenye helikopta kuingia maji ya baridi kali kusaidia kuokoa. Watu wote 155 walinusurika.

Nyuki nao wana habari yao fupi. Kufuga nyuki New York kulipigwa marufuku mwaka 1999, kukaruhusiwa tena 2010. Mizinga ikaongezeka juu ya paa, na nyuki wakizidiana ndani ya mzinga sehemu yao huhama na malkia kutafuta makazi. Agosti 2018 maelfu walitua juu ya mwavuli wa muuza soseji pale Times Square. Akaja askari aliyevaa vazi la kufugia nyuki, akawafyonza taratibu kwa mashine iliyopunguzwa nguvu ili wasife, huku watalii wakipiga picha. Hapa jiji halikuunda kikosi. Lilitafuta ndani ya jeshi askari wa kawaida ambao tayari ni wafugaji wa nyuki nyumbani kwao, likawapa jukumu la ziada. Busara hiyo ningependa kuiona mara nyingi zaidi. (Nyuki wao ni wa asili ya Ulaya, wapole. Wa kwetu huku wangemfukuza muuza soseji, watalii na askari mwenyewe.)

Kitengo kinachonivutia kuliko vyote, hata hivyo, hakina boti wala mashine. Silaha yake ni mdomo.

Septemba 1972, wakati wa michezo ya Olimpiki mjini Munich, wapiganaji 8 wa Kipalestina waliwateka wanamichezo na makocha wa Israeli. Polisi wa Ujerumani Magharibi walijaribu kuwavizia usiku katika uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck. Walipanga wadunguzi 5 tu, ambao walikuwa askari wa kawaida wasio na mafunzo ya kazi hiyo, tena hawakuwa na redio za kuwasiliana. Mpaka mwisho, Waisraeli 11, askari mmoja wa Ujerumani na watekaji 5 walikuwa wamekufa.

Wakubwa wa polisi duniani kote waliitazama Munich wakajiuliza: yangetukuta sisi je? Wajerumani walijibu kwa kuagiza kuundwa kwa kikosi cha makomando, GSG 9, ndani ya mwezi huohuo. Miji mingi ya Marekani ilipenda jibu la namna hiyo. Los Angeles tayari walikuwa na kikosi chao cha mashambulizi, SWAT. New York wakamgeukia askari wao mmoja, Harvey Schlossberg, aliyekuwa amesomea saikolojia mpaka shahada ya uzamivu huku akiendelea na kazi ya polisi. Yeye na Frank Bolz, ofisa wa upelelezi, ndio walioandaa utaratibu mpya.

Mtihani haukuchelewa. Januari 1973 vijana wanne waliingia duka la vifaa vya michezo huko Brooklyn kuiba silaha. Polisi walifika kabla hawajatoka. Risasi zikarindima, askari mmoja akauawa, wengine wakajeruhiwa, na vijana wakajifungia na mateka ndani ya duka lililojaa bunduki na risasi. Fikiria hasira ya askari waliokuwa nje, mwenzao amelala chini. Desturi ya zamani ingekuwa kuvunja mlango. Safari hii waliamriwa wasubiri, na kusubiri kwenyewe kukafika saa 47. Ndani, mwenye duka alikumbuka kwamba kulikuwa na ngazi iliyozibwa nyuma ya ukuta mwepesi. Watekaji walipokuwa wameshughulika upande mwingine, aliutoboa akawapandisha mateka mpaka paani, ambako askari wa ESU waliwapokea. Saa chache baadaye vijana wale wakajisalimisha. Hakuna mateka aliyekufa.

Mwaka huohuo timu ya mazungumzo ikaundwa rasmi, ya kwanza ya aina yake kwa polisi wa Marekani, na FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wakaanza kufundisha mbinu hizo baada yao. Kaulimbiu yake kwa Kiswahili ni maneno mawili: "Zungumza nami."

Kazi yenyewe ina kanuni ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzibahatisha. Anayeongea na mtekaji ni mmoja tu. Pembeni yake hukaa mwenzake ambaye haongei kabisa; anasikiliza na kumwandikia vikaratasi: "amemtaja mama yake mara mbili", "sauti imeshuka, usimharakishe". Aliye kwenye simu hana cheo cha kuamua chochote, na imepangwa hivyo kwa makusudi. Mtekaji akidai gari, mzungumzaji anajibu bila kudanganya kwamba inabidi amuulize mkubwa. Akirudi na jibu la "bado", lawama inamwangukia mkubwa na uhusiano wao haujaharibika. Kamanda naye hakaribii simu, kwa sababu mtekaji akishajua anaongea na mwenye uamuzi, kila sekunde ya kimya inakuwa kukataliwa.

Hakuna kinachotolewa bure. Chakula kinaingia, mateka mmoja anatoka, au walau anasikika sauti yake. Polisi hawabadilishani na mateka. Kilicho muhimu kuliko vyote ni muda. Mtekaji wa saa ya kwanza ana hofu na kiburi. Wa saa ya ishirini ana njaa, usingizi na haja ya choo, na ameshaanza kuwaona mateka kama watu wenye majina. Schlossberg alilielewa hilo mapema kuliko wengi, kwamba kutofanya kitu nako ni mbinu, ingawa mbele ya kamera huonekana kama woga.

Wazungumzaji hawa hawakai pamoja kusubiri utekaji. Ni wapelelezi wenye kazi zao za kila siku, huitwa jambo likitokea, na wengi wao ni watu wazima. Ukimwita kijana wa miaka 24 akambembeleze baba aliyemfungia mkewe na watoto ndani, ataanzia wapi? Na kesi nyingi ni za aina hiyo, mtu na familia yake, au mtu peke yake na kisu. Magaidi ni nadra.

Sasa turudi kwenye ule ugomvi na zimamoto. Kila kitengo kinachoundwa kinachora mpaka, na ndani ya mpaka mna vifaa vyake, lugha yake na redio zake. Tarehe 11 Septemba 2001, helikopta za polisi zilikuwa zikizunguka juu ya majengo pacha. Jengo la kwanza lilipokwisha kuanguka, rubani mmoja alionya kwamba la pili nalo halitadumu, kama dakika 20 kabla halijaanguka. Askari wenye redio za polisi waliweza kulisikia onyo hilo. Zimamoto waliokuwa ndani hawakulisikia, kwa kuwa idara hizo mbili hazikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuwasiliana. Zimamoto 343 walikufa siku ile, na kati ya askari 23 wa polisi wa jiji waliokufa, 14 walikuwa wa ESU.

Tena kuna vitengo ambavyo tatizo lake ni kazi yenyewe. New York walikuwa na kitengo cha uhalifu wa mitaani, askari waliovaa kiraia wakitafuta bunduki haramu usiku. Walihesabiwa kwa bunduki walizokamata, basi wakawa wanasimamisha watu wengi, hasa vijana weusi na Walatino. Februari 1999 askari wanne wa kitengo hicho walimpiga risasi Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, mlangoni pa nyumba aliyoishi huko Bronx. Walifyatua risasi 41. Mkononi alikuwa na pochi. Mahakama iliwaachia huru askari wote, lakini kitengo kilivunjwa mwaka 2002. Kazi yake ikaendelea chini ya vikosi vingine vya kiraia, vikavunjwa navyo Juni 2020, baada ya maandamano ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi. Mwaka 2022 meya Eric Adams, aliyekuwa polisi wa jiji hilohilo, akavirudisha kwa jina jingine, safari hii askari wakivaa mavazi yanayoonyesha wazi kwamba ni polisi.